Chumba Kisichowashwa Moto

Mzee Naftali alianguka kutoka juu ya paa la nyumba yake mwenyewe akiwa ameshika karai la udongo, na alipofika chini karai lilikuwa bado mkononi. Majirani waliomkimbilia walicheka kwanza, kisha wakaona mguu wake umeelekea upande usio wake, wakaacha kucheka. Hospitali ya Kiomboi walimfunga mbao, wakamrudisha nyumbani na fimbo na neno moja ambalo hakulipenda: asipande tena.

Mtu wa mahali pengine anaweza kuuliza mzee mzima alifuata nini juu ya paa. Mtu wa Iramba haulizi. Tembe ni nyumba ya udongo mpaka utosini. Nguzo zimebeba mihimili, mihimili imebeba fito, na juu ya fito umelala udongo mzito ambao kila mwaka kabla ya mvua lazima mtu apande aushindilie, ang'oe majani yaliyoota na kuziba nyufa. Ukiruka mwaka mmoja, nyumba inakusamehe. Ukiruka wa pili, inakufuata kitandani.

Nyumba hiyo ilikuwa na wanaume wawili wa kupanda. Wa pili alikuwa Kefa, mwana wa pekee wa kiume, aliyechukuliwa Keya, jeshi la Mwingereza, vita vya Hitla vilipopamba moto, akapelekwa Bama kupigana na Wajapani. Vita vilikwisha, wenzake wakarudi na makoti yao marefu, yeye hakurudi. Yeremia wa nyumba ya pili, ambaye waliondoka naye kwenye lori moja, alisema walitenganishwa bandarini, kila mtu na meli yake. Watu wa nyumbani walikwenda kuuliza Boma. Karani akasema jina la Kefa halimo kwa waliokufa, wala kwa waliorudi halimo, akasema hivyo bila kuinua macho na kuwaambia wasogee wenzao wapite.

Dina, mke wa Kefa, alirudi na nusu moja tu ya maneno yale. Halimo kwa waliokufa. Nusu ya pili aliiacha palepale dirishani kwa karani, na tangu siku hiyo aliishi kwa ile aliyoichukua.

Ndiyo maana mkwewe alipotangaza, akiwa amenyoosha mguu wake mbovu juu ya kigoda, kwamba nyumba itauzwa, Dina ndiye aliyeacha kula. Naftali alikwisha kupanga yote kimyakimya. Binti yake Elizabeti, aliyeolewa Ikungi, alikuwa amewaita wakaishi kwake. Jumbe alikwisha kukubali. Ardhi si ya kuuzwa, lakini nguzo na mihimili ni mali ya mtu. Na alikuwapo mnunuzi, mfanyabiashara wa Singida mjini aitwaye Kitwana, aliyetaka nyumba karibu na soko la Kiomboi ya kuwekea samli na ngozi zake.

"Nyumba isiyo na mtu wa kupanda ni kaburi linalosubiri mvua," alisema mzee.

"Na Kefa akija, baba?" aliuliza Dina.

"Atauliza. Ana mdomo."

Mama Raheli, mke wa mzee, aliendelea kuchambua kunde kwenye ungo, akitupa nzima pamoja na mbovu.

Dina alimwona Kefa waziwazi siku hiyo, kama alivyomwona siku nyingi. Anateremka kwenye lori na mzigo wake begani. Hapiti mbele, anazunguka uani, maana ndiyo tabia yake. Anausukuma mlango wa chumba chao. Ndani anakuta ngozi za ng'ombe zimetundikwa zinanuka, na mtu asiyemjua anamuuliza anatafuta nani. Hapo Dina alifumba macho, lakini anayetazama kwa moyo hafaidiki kwa kufumba macho.

Chumba hicho chenyewe kilikuwa kimefungwa. Asubuhi ya kuondoka, Kefa alifukia makaa kwa majivu kwa mkono wake, akamwambia mkewe kwa utani, "Usiwashe moto humu mpaka nije niwashe mwenyewe. Nisije nikakuta mwanamume mwingine anaota moto wangu." Walicheka wote wawili. Kisha honi ya lori ikalia, na ule utani, kwa kuwa ndio uliokuwa wa mwisho, ukageuka amri. Dina alihamia kulala kwa mama mkwe. Kila Jumamosi alifungua, akafagia vumbi jekundu lililotanda kitandani, akanusa shati lililoning'inia kwenye kigingi, akafunga. Watu wote wa pale walijua. Kwao moshi ukionekana juu ya chumba cha mwanamume, husemwa fulani yupo. Na kwa Kefa moshi haukuonekana tena.

* * *

Siku ya mnunuzi kuja, Raheli aliamka na kuponda udongo. Alipaka upya nyufa za ukumbini, akafika kwenye nguzo ya mbele ambako mchwa walikuwa wamejichorea njia yao ya udongo kutoka chini hadi juu ya kichwa cha mtu, akaifuta, akapaka juu yake.

"Hata bibi harusi hupakwa mafuta," alisema, ingawa Dina hakuwa amemuuliza.

Alipoingia ndani kunawa, Dina aliisogelea nguzo, akaukwangua ule udongo mbichi kwa ukucha mpaka alama ya mchwa ikaonekana tena. Hakuwa amewahi kumwendea kinyume mama mkwe hata kwa chumvi ya mboga. Lakini alitaka mnunuzi aione nguzo ile, agune, apande gari arudi kwao Singida na asikanyage tena. Alimwomba Mungu nyumba ionekane mbovu, na hakuona haya kumwomba.

Kitwana alifika na kanzu na kofia, pamoja na mkewe Mwantum, mwanamke mnene mwenye macho yasiyotulia. Waliamkia shikamoo, wakaitikiwa marahaba, wakapewa maji. Kisha Kitwana akaikagua nyumba kama wanaume wengi wanavyokagua: alisimama mbali, mikono nyuma, akaitazama na kuridhika. Alisifu upana wa ukumbi. Alipima kwa macho magunia yatakaa wapi, akaanza kumvuta Naftali kwenye habari za bei.

"Bwana, ngoja kwanza nikaisalimie," alisema Mwantum.

Alikuwa na sababu. Nyumba yao ya kwanza kule mjini waliinunua kwa ajili ya uzuri wa kuta zake, na hawakuuliza udongo umechotwa wapi. Ulichotwa kando ya ziwa Singidani, penye chumvi. Mbuzi wa mtaa mzima waliujua utamu wake, wakawa wanakuja kulamba, mpaka pembe moja ya nyumba ikawa tundu la kupitisha mtoto. Kitwana mpaka leo anaapa walikuwa wezi.

Mwantum alichomoa kwenye pindo la khanga yake shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magunia, akaanza safari. Nje aliona udongo uliofagiliwa na kurundikwa chini ya ukuta, akamwambia Raheli auondoe, maana mchwa anapenda ngazi nao wamemwekea. Akauliza kama mbuzi wanapanda juu ya paa. Raheli akasema kamwe, na mbuzi mmoja akachungulia kutoka juu.

Ukumbini alisimama mbele ya nguzo iliyokwanguliwa. Alitazama udongo mbichi, akatazama mikono ya Raheli, akatazama ukucha wa Dina. Alichoma shazia, ikagoma. Akachoma palipo na alama ya mchwa, ikagoma vilevile.

"Wamekula ganda tu," alisema. "Moyo wake mzima."

Akaendelea ndani, kwenye chumba cha wazee, jikoni, ghalani. Huko nguzo zilikuwa nyeusi kwa moshi wa miaka mingi, zinang'aa kama sufuria ya kale, na sindano haikupata pa kuingia. Mwantum alizipapasa kwa heshima. Alisema fundi wa nyumba ya udongo ni moshi, hana ujira na halali. Penye moto wa kila siku mchwa hafiki. Naftali alianza kutabasamu. Dina aliwafuata nyuma. Nyumba ilikuwa nzuri, basi ilikuwa imekwisha kuuzwa.

Walitokea uani, mbele ya mlango uliofungwa.

"Hicho hakiuzwi," alisema Dina, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia.

Kitwana alicheka, akauliza tangu lini mtu akanunua nyumba ikapungua chumba. Naftali aliinamia fimbo yake. Mbele ya wageni mkwe hamjibii mwenye nyumba, na sasa amejibiwa.

"Nyumba njema si mlango," alisema Mwantum taratibu. "Fungua tuingie ndani, mwanangu."

"Fungua," alisema Naftali.

Ndani mlikuwa na ubaridi wa mahali pasipo na mtu. Kitanda kimetandikwa, jembe limeegemea ukutani, shati kwenye kigingi, mafiga matatu yana majivu yale yale. Ilikuwa Alhamisi, na vumbi jekundu lilikuwa limekwisha kutanda juu ya ngozi ya kitandani. Mwantum alilichota kwa vidole viwili, akatazama juu. Kisha akachoma shazia kwenye nguzo ya katikati.

Iliingia bila sauti mpaka kwenye tundu la uzi.

Alichoma nguzo ya pili, ikawa hivyo hivyo. Aliugonga mhimili kwa fimbo aliyoiazima kwa mzee, nao ukalia kama kibuyu kitupu, na udongo ukamwagika kidogo begani mwa Kitwana, akaruka nje na kanzu yake. Dina alilitazama vumbi lile mkononi mwa mgeni. Miaka yote alikuwa akilifagia, akidhani ni vumbi tu la nyumba isiyo na mtu. Kumbe alikuwa akiifagia nyumba yenyewe, kidogokidogo, kila Jumamosi, na kuitupa uani.

"Hapa moto uliwashwa lini?" aliuliza Mwantum.

"Tangu mwenyewe aondoke," alisema Raheli. "Nilimwambia huyu. Nimemwambia mpaka nimechoka."

Mwantum alilitazama shati, akamtazama Dina, akaelewa.

"Ungemwashia, mwanangu."

"Alisema atawasha mwenyewe."

"Wanaume husema mengi wakiwa mlangoni," alisema Mwantum, na hakulisema kwa ubaya.

Nje alimweleza mumewe wote wakisikia. Mvua ya kwanza itakapolowanisha udongo wa juu, chumba kile kitaanguka, na kwa kuwa mhimili wake umeshikana na wa ukumbi, kitauvuta ukumbi pamoja nacho. Kitwana akabadilisha neno. Alisema yuko tayari kununua nguzo za upande usiooza peke yake, azing'oe akajengee kwingine, akataja bei ambayo hata Raheli, asiyeshughulika na bei, aliinua uso.

"Nyumba yangu si kuku," alisema Naftali, "uchukue mapaja uniachie shingo."

Wakaagana kwa adabu. Mwantum alibaki nyuma kidogo akifunga khanga yake, akamwambia Dina kwa sauti ya chini kwamba chumba kinaponyeka. Aweke magogo ya kushikilia leo leo. Udongo wa juu uondolewe kabla ya mvua, nguzo na mhimili vibadilishwe. Halafu awashe moto, na asiuache uzime mpaka miti mipya iwe myeusi.

"Akirudi," alisema, "si atataka pa kuingia?"

* * *

Dina alikuwa amepata alichokiomba. Mnunuzi amekwenda, nyumba haikuuzwa, na walioiharibu si mchwa peke yao. Jioni Raheli alimwekea chakula bila kumtazama. Naftali alisema watakwenda Ikungi hivyo hivyo, nyumba waiachie mvua. Asiyekuwepo na lake halipo. Aliposema hivyo sauti ilimkatika, akajifanya anakohoa.

Asubuhi Dina alipiga magoti mbele yake.

"Baba, niruhusu nipande mimi."

Lilikuwa neno zito kuliko linavyosikika. Kwao mke wa mwana hasimami juu ya kichwa cha baba mkwe. Hata kumpita kwenye ngazi ya ghala huona haya. Raheli aliacha kufagia. Mzee aliuchorachora udongo kwa ncha ya fimbo.

"Nani atakushushia udongo?" aliuliza.

"Nitashusha mwenyewe. Nguzo Yeremia na nduguze watakata, nimekwisha kuwaomba."

Naftali akajiinua taratibu, akachukua kigoda chake, akachechemea nacho mpaka ng'ambo ya zizi, mahali penye jua tupu, akakaa.

"Panda," alisema kutoka huko. "Mimi simo chini yako."

Na siku zote za kazi ile alikaa pale pale, kichwa kimefunikwa kwa kitambaa, akipaza sauti kumweleza: hapo usikanyage, hapo pana ufa, shindilia mpaka usikie umekataa. Watu waliopita njiani walimwona mwanamke juu ya paa na mzee juani, wakaguna. Wengine walisema Keya imewageuza wote, hata wasiokwenda. Dina aliwasikia, na masikio yalimwaka, lakini karai lilikuwa linasubiri.

Hakuwa amewahi kupanda. Alichokiona huko hakuna aliyekuwa amemwambia: njia ya Singida inaonekana yote, inateremka, inapotea kwenye miti, inatokea tena mbali ikiwa nyembamba. Kefa alikuwa akichelewa sana juu ya paa, na yeye alikuwa akimwita ashuke ale. Sasa alijua alikuwa akitazama nini. Kila lori lilipotimua vumbi kule mbali, Dina aliacha kazi, akalifuata kwa macho mpaka lilipopita bila kusimama. Mzee kule zizini naye alikuwa akilisikiliza, akinyamaza mpaka mlio umekwisha, kisha anaanza tena kuagiza.

Yeremia na nduguze walileta miti ya mninga, wakazing'oa nguzo zilizooza, nazo zilivunjika mikononi kama mkate mkavu. Waliinua mhimili mpya, wakapanga fito, Dina akarudisha udongo juu. Siku walipomaliza, mawingu yalikuwa yamekwisha kukusanyika upande wa mashariki. Kazi iliyobaki ilikuwa moja tu, na haikuhitaji mwanamume wala ngazi.

Lakini hiyo ndiyo iliyomshinda. Alisema kesho. Kesho ilipofika akasema kuni mbichi. Raheli alimkumbusha mara mbili, kisha akaacha. Miti mipya ilisimama myeupe mle ndani, inanukia, na usiku ule mvua ilipochungulia kidogo mchwa walionekana tayari kwenye kizingiti, wanapima.

Alasiri ya siku iliyofuata Raheli alikwenda kisimani. Dina aliingia chumbani, akalishusha shati, akaliweka usoni. Alivuta pumzi, akavuta tena. Lilinuka udongo. Alilitafuta jasho la mumewe kwenye kola, kwapani, kwenye mishono, asilipate, na akatambua kwamba huenda halikuwamo tangu siku nyingi, ila yeye ndiye aliyekuwa akija nalo kila Jumamosi. Hapo alilia kwa sauti, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku ya karani.

Alipomaliza kulia alilikunja shati, akalitia kwenye kikapu chenye kifuniko. Akaenda jikoni kwa mama mkwe, akachukua kaa la moto kwa kigae. Aliyazoa majivu ya Kefa kwa mikono miwili, akayaweka pembeni, akapanga kuni kwenye mafiga, akapuliza.

Moshi ulichelewa, kama mgeni asiyejua mlango. Ulizunguka chumbani, ukazipapasa nguzo, ukapanda kwenye fito, kisha ukaipata njia ya juu ukatoka.

* * *

Raheli alikuwa anapanda kutoka kisimani, mtungi kichwani, alipoinua macho akaona moshi juu ya chumba cha mwanawe. Alijua kila kitu. Yeye ndiye aliyemsukuma Dina auwashe. Lakini kujua ni kwa kichwa, na kichwani kulikuwa na mtungi. Mtungi ulianguka ukapasuka njiani, na mama mtu mzima akakimbia, khanga imemfunguka ameishika kwa mkono mmoja, akipita watu bila kuamkia, akiita jina ambalo hakuwa amelitamka kwa sauti tangu vita viishe.

Aliingia chumbani kwa kishindo. Akamwona Dina amechuchumaa mbele ya mafiga, macho mekundu, kigae mkononi. Akatazama kitandani. Akatazama nyuma ya mlango pia.

Dina alisimama. Alitaka kuomba msamaha, hakujua aanzie wapi.

"Mama, ni mimi nimewasha," alisema. "Hajaja."

Raheli alibaki ameshika kizingiti, akihema. Nje sauti zilikuwa zimekwisha kuanza. Yeremia alikuwa anaita kutoka kwao. Wanawake walikuwa wanakuja wakiulizana kama ni kweli, na mmoja alikwisha kupiga kigelegele. Kule zizini fimbo ya mzee ilisikika ikigonga chini haraka haraka, mtu aliyeambiwa asikimbie anakimbia.

Raheli akaja mpaka kwenye moto, akakaa chini taratibu, mahali ambapo mwanawe alizoea kukaa. Akaivuta khanga yake, akajifunika vizuri. Akatazama juu kwenye nguzo nyeupe ambazo moshi ulikuwa unaanza kuzigusa.

"Ongeza kuni, mwanangu," alisema. "Wale nitawaambia mimi."